Meza ya Mamba Ibaki Tupu

Wenzangu mliobaki kazini, siku mliyoniaga mlinipa keki, kitenge na kiti cha plastiki cha kukalia barazani, nami nikashukuru. Kisha mmoja wenu, huku akinikatia kipande cha pili cha keki, akaniambia kwamba mamba wa plastiki ameagizwa. Atawekwa juu ya ile meza tupu katikati ya ukumbi, na mgeni akibonyeza kitufe mamba atafungua kinywa. Kipande hicho nikakirudisha kwenye sahani. Mliniomba niandike miaka yangu ya kazi ili mjifunze, na nitaandika, lakini mjue mapema ninakoelekea: ile meza isiwekwe kitu. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu zote, na sitamwomba mtu radhi.

Nilifika kazini nikiwa muuza vitumbua. Nyumba ya kupokelea wageni wa hifadhi ya wanyama, yenye ukumbi wa maonyesho, ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa hapa Nchelenge, kando ya ziwa, karibu na mahali boti za visiwani zinapotia nanga, na mimi nilikaa na beseni langu nje ya geti. Hifadhi yenyewe haiko ziwani. Iko ndani huko, mwendo mrefu wa gari, lakini lami inafika Nchelenge na porini haifiki, basi nyumba ikajengwa penye lami. Maisha yangu yote ya kazi wageni wameniuliza wanyama wako wapi, nami nimewaonyesha ukuta wa nyuma: huko, mbali. Siku hiyo waliingia wafanyabiashara wa samaki kutoka Pweto, wakauliza hili na lile kwa Kiswahili, na mle ndani hakukuwa na wa kuwajibu. Mimi nimezaliwa Pweto, upande wa Kongo, nikaolewa huku. Niliacha beseni nikaingia. Jioni nikapewa ufagio na koti la kaki la mwanamume, mikono yake ikanifunika vidole. Vitumbua vilivyobaki vililiwa na askari wa wanyamapori, na mpaka leo hakuna aliyevitaja.

Aliyenifundisha kazi ni Bashi Kunda, yaani baba Kunda, askari wa siku nyingi aliyekuwa karibu kumaliza utumishi wake. Hakuwa msemaji. Alinipa brashi laini ya kupakia rangi akaniambia vumbi la ngozi ya mnyama halipanguswi kwa kitambaa, kwa sababu kitambaa kinang'oa manyoya. Alinionyesha kutazama kila wiki ndani ya pua za fuvu la tembo, maana nyigu wa udongo hupenda kujenga humo. Alinifundisha kuziba nyufa kwa gundi ya seremala iliyochanganywa na unga wa mbao. Na juu ya yote, maji. Maji ni adui wa ngozi, alisema. Ukimwona mtu anakaribia na ndoo, mfukuze hata kama ni meneja.

Siku yangu ya kwanza ya kuongoza wageni niliwasomea mabango yote ya ukutani, moja baada ya jingine. Walipotoka, Bashi Kunda akaniita pembeni.

"Mama Feza, mugeni iko na macho. Eko anajisomea. We mupatie kile hakiko ku ukuta."

Hilo ndilo somo la kwanza na la mwisho la kazi yetu. Mengine ni kufagia.

Katikati ya ukumbi, juu ya meza kubwa ya mbao ya mukwa, alilala mamba. Bashi Kunda alimpiga risasi mwenyewe. Mamba huyo alimchukua mvuvi wa Kilwa, kisiwa cha humu ziwani, aliyeitwa Mwansa, alipokuwa akivuta nyavu karibu na matete. Bashi Kunda alimvizia mpaka akampata, akampasua ufukweni mbele ya watu, na kitu pekee kilichotoka tumboni na kutambulika kilikuwa kamba ya kiunoni. Dada wa Mwansa aliitambua kwa fundo lake. Nyama ilichomwa moto kwa amri, ngozi ikapelekwa mjini, ikarudi kwenye lori ikiwa imejazwa maranda, ina macho ya kioo na meno yaliyong'arishwa. Kamba nayo ikatiwa kwenye kisanduku cha kioo kando yake. Bango la Kiingereza lilisema: mamba mla watu, na kamba iliyokutwa tumboni mwake. Mtu aliyeliwa hakuandikwa jina.

Mamba huyo ndiye aliyeleta wageni, tusidanganyane. Mbele ya fuvu la tembo watu walipita wakipiga miayo, lakini kwa mamba walisimama. Mfanyabiashara mmoja wa Kongo aliniuliza kama anauzwa. Mhubiri mmoja alimkemea kwa sauti mpaka akapoteza sauti, na mamba akabaki kama alivyo. Watoto wa shule walisukumana ili mmoja atie mkono kinywani, na kila mara ni yule yule mnene ndiye aliyesukumwa. Nilicheka nao. Miezi ile ya mwanzo nilimwona mamba kuwa ni mali ya kuonyeshwa tu, sawa na mengine.

Mwezi wa tatu wa mwaka, ziwa lilipofunguliwa tena baada ya miezi ya kufungwa uvuvi, aliingia mama mmoja mwenye beseni la chisense kichwani, wale samaki wadogo wa kukausha. Hakutazama tembo, hakutazama mabango. Alitua beseni, akakunja kitenge, akaketi sakafuni mbele ya mamba. Nikamfuata.

"Mama, simama. Hapa haiko pa kuikala."

"Siikale mie. Niko kwa matanga." Akapiga tumbo la mamba kwa kiganja, polepole. "Ndugu yangu eko humu. Batu bote beko na kaburi. Mwansa eko na mamba."

Yeye akanitazama kuanzia koti hadi miguuni.

"Weye uko wa mukowa gani?"

Aliniuliza ukoo. Nikamwambia ukweli: mimi ni mwina Ng'andu, mtu wa ukoo wa Mamba. Yule mama akaanza kucheka, akacheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Njo maana! Mi ni mwina Isabi. Samaki. Mulikula ndugu yangu, na sasa munamulindaka mu nyumba ya mabati."

Kwa wale wenu waliotoka mbali, nieleze. Huku mtu hurithi ukoo wa mama yake, na ukoo wa Mamba na wa Samaki ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo na kukunyang'anya kuku, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ukifiwa, yeye ndiye anayeosha maiti, anayechimba kaburi, anayebeba, na anayewachekesha waliao ili wasife na wao. Bila mtani, maiti haitoki nyumbani. Kwa hiyo nami nilijua ninachopaswa kumjibu.

"Mama, alikuwa mukonde sana. Mamba yetu haikushiba hata kidogo."

Akacheka tena, na safari hii machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Hivyo ndivyo nilivyomjua Bana Chanda, yaani mama Chanda, dada yake Mwansa.

Tangu hapo alikuja kila mwezi wa tatu, kabla wanawe hawajatia nyavu majini. Alivuka kwa boti kutoka Kilwa, akafagia chini ya meza, akapangusa taya za mamba kwa ncha ya kitenge, akakaa. Mimi nilimletea chai. Aliniachia chisense kwenye sahani na kusema, "Hii ni ya ndugu yako wa mameno, asirudie kukula batu." Nami nikazipeleka nyumbani nikazikaanga, maana ndugu yangu wa meno hakuwa na haraka.

Na kila nilipoongoza wageni, nilitaja jina. Bango lilinyamaza, mimi sikunyamaza. Nilisema kwa Kibemba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza changu cha kubahatisha: huyu alimla Mwansa wa Kilwa, mvuvi, mpenda ubishi, aliyefunga kamba yake kwa fundo la kushoto. Meneja wa kwanza hakujali. Wa pili aliona si vizuri wageni kukuta mama ameketi sakafuni, akazungusha mnyororo wa plastiki kuizunguka meza. Mnyororo huo niliufungua kila mwezi wa tatu asubuhi na kuufunga jioni. Hakuna aliyeniambia niufungue, na walioniambia nisiufungue sikuwasikia.

Mwaka mmoja Bana Chanda alikuja akitegemea fimbo. Alipokwisha kufagia aliniuliza, bila kucheka:

"Munungwe, utanizikia ndugu yangu siku gani?"

Alitumia neno la Kibemba la mtani, na alilitumia kama mtu anayedai haki yake. Nikamjibu kwamba mamba ni mali ya hifadhi, mimi ni mfagizi tu na msemaji.

"Sikuulize ni mali ya nani," alisema.

Akainuka, akaenda kwenye boti. Maneno hayo nilikaa nayo. Unaweza kumwambia mgeni kwamba sheria ndiyo hiyo, akaelewa akaenda zake. Mtani humwambii hivyo. Mtani ana kazi moja tu mbele ya maiti, na mimi kazi hiyo niliipita kila siku nikiwa na brashi mkononi.

Meneja wa tatu alikuwa kijana msomi, Mngoni kutoka mikoa ya mashariki. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ni rahisi zaidi. Bashi Kunda alikuwa ameshastaafu, anaishi kijijini Kabuta na baiskeli yake. Siku hiyo meneja aliniita ofisini akasema ukumbi unakarabatiwa. Mahali pa mamba patakuwa na skrini. Mamba amechakaa, lori litakuja wiki ijayo kumchukua.

"Kumpeleka wapi?" niliuliza.

"Mjini. Stoo. Huko watajua la kufanya naye."

"Na Mwansa?"

"Mwansa nani?"

Miaka yote ile ya kulitaja jina, na yeye alikuwa amepita nyuma yangu mara nyingi kiasi hicho. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema sheria hairuhusu ngozi ya mnyama wa porini ipewe mtu binafsi. Nikamwambia sikuomba apewe mtu, niliomba azikwe. Akasema atauliza. Nilijua maana ya atauliza, kwa sababu hata mimi wageni wanapotaka kumwona simba huwaambia nitauliza.

Nilituma neno Kilwa kwa boti ya kwanza iliyoondoka. Sikuficha. Niliwaambia waje mchana, siku ya kazi, mlango ukiwa wazi, kwa sababu anayezikwa kwa kificho ni mwizi, na Mwansa hakuiba kitu.

Walikuja asubuhi, jua limeshapanda: Bana Chanda, wanawe, na watu wa ukoo wangu niliowaita kutoka sokoni. Ukumbini kulikuwa na wanafunzi na mwalimu wao, na wazungu wawili. Nyuma yao wote akaingia Bashi Kunda, suruali imefungwa kwa mpira wa baiskeli, amenyonga pedali kutoka Kabuta.

"Mi nilimupiga," alisema. "Mi nitamubeba."

Nilivaa koti langu la kaki, nikafunga vifungo vyote. Nikaleta beseni la maji na sabuni. Maiti huoshwa. Nikamwosha mamba kuanzia puani hadi mkiani, maji yakachuruzika juu ya mukwa hadi sakafuni, na ile gundi niliyoipaka kwa miaka ikaanza kulegea chini ya vidole vyangu. Bashi Kunda alitazama maji yale. Akachukua kitambaa akanisaidia upande wa pili.

Mwalimu aliwaambia wanafunzi wavue kofia. Mzungu mmoja aliniuliza kama haya ni maonyesho ya utamaduni. Nikamwambia hapana, leo ni kazi.

Meneja akatoka ofisini akasimama mlangoni, mlango wenyewe tuliotaka kupita.

"Mama Feza, hiyo ni mali ya serikali."

"Najua, bwana. Mali ya serikali ni ngozi na maranda. Tukishamzika Mwansa, waje waichukue ngozi yao, jembe tutawaazima."

"Nitalazimika kuandika barua."

"Andika. Jina langu unalijua. Lakini kwanza niambie, kwenu mashariki, Wangoni na Wabemba wanaitanaje?"

Hakuna mtu katika nchi hii asiyejua jibu. Ni watani, tangu mababu zao walipopigana wakachoka.

"Basi na wewe ni mtani kwenye msiba huu," nikamwambia. "Shika mkia, au toka mlangoni."

Hakushika mkia. Lakini alitoka mlangoni, na nilipopita karibu naye nikiwa nimebeba kichwa cha mamba niliona ameivua kofia yake. Tulikuwa watu wanane chini ya mzigo ule, na bado ulituinamisha. Kisanduku cha kamba alikibeba Bana Chanda mwenyewe.

Tulivuka naye kwa boti, tukamzika Kilwa, upande wa juu ambako maji hayafiki. Mchungaji aliomba kwa uangalifu mkubwa, akichagua maneno asije akamwombea mamba. Alipomaliza, watu wakanigeukia mimi. Nikasimama kando ya shimo, kama desturi inavyotaka, nikamtukana marehemu.

"Mwansa, weye mwina Isabi! Samaki gani asiyejua kukimbia mu maji? Kila siku unakamata bandugu zako, unabauzisha ku Kongo. Mamba inakuona, inasema, huyu hata kwabo bamemuchoka. Bon, basi. Leo mamba inakurudisha. Na mamba njo mie. Lala, usitusumbue tena."

Watu walicheka. Bana Chanda alicheka kuliko wote, kisha akaweka kamba juu ya kifua cha mamba, udongo ukaanza kushuka, na hapo akalia. Sikuwahi kumsikia akilia hivyo katika miezi ya tatu yote aliyoketi sakafuni petu. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mikono kichwani, na hakuna aliyemnyamazisha, kwa sababu ndicho alichokuwa amekingoja. Na mimi nililia. Nilikuwa na udongo mikononi nikajipaka uso mzima.

Barua ilikuja kweli. Nilisimamishwa kazi. Kesho yake nilirudi pale pale getini na beseni langu la vitumbua, nikiwa nimevaa koti la kaki ambalo walisahau kunidai. Wageni waliingia ndani, wakakuta meza tupu katikati ya ukumbi, wakauliza, na aliyebaki ndani akawaambia kamuulizeni yule mama wa vitumbua. Wakatoka wakaja kwangu. Nikawapa kile kisichokuwa ukutani. Skrini ilifika, ikatundikwa ukutani, ikaharibiwa na radi mvua za mwanzo, nami sikuhusika.

Siku moja meneja alitoka mwenyewe, akanunua vitumbua, akavila amesimama.

"Rudi ndani, Mama Feza," alisema. "Watu wanatoka kwetu kuja kwako."

Hakuomba msamaha, nami sikuomba. Nilichukua ufagio mahali nilipouacha. Muda wote aliobaki hapa, hakuweka kitu juu ya ile meza, na alipokuwa na wageni wake aliwaleta kwangu akakaa nyuma yao, akisikiliza kama hajawahi kusikia. Sasa hivi jina la Mwansa analijua.

Basi, wenzangu, haya ndiyo maagizo yangu. Meza ipigwe brashi, si kitambaa, maana mukwa nao hukwaruzika. Mstahimili alama ya maji upande wa kulia, msiipake vanishi. Watoto wasikalie. Mgeni akiuliza kwa nini ni tupu, mwambieni kwamba mtu alizikwa, mtajeni jina, na mtaje kwamba alikuwa mbishi, dada yake anapenda hilo litajwe. Bana Chanda haji tena mwezi wa tatu. Ana kaburi la kufagia kwao.

Nilimpelekea habari ya mamba wa plastiki. Alinijibu kwa mdomo wa mwanawe: "Mwambie munungwe wangu, kama banamurudisha, kazi iko yake."

Mmesikia. Nimestaafu hifadhi, ukoo wa Mamba sijastaafu. Mleteni huyo wa plastiki, na kitufe chake, na kinywa chake cha kufunguka. Nitakuja mchana, mlango ukiwa wazi, nimevaa koti langu, na jembe begani. Yule wa kwanza alitaka watu wanane. Huyu nadhani nitamweza peke yangu.